Petroli ya Bunda

Jumatatu, 1 Septemba

Nimewasha Buluu, gari la Magesa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama kila siku. Dakika kumi chini ya dirisha lake. Yeye ndani kitandani, dirisha wazi, anasikiliza. Mimi nje naangalia mishale. Injini ikishapata moto nazima, naingia, ananipa matokeo. Mwalimu ni mimi lakini kwa mambo ya gari hili nimekuwaga mwanafunzi wa mdogo wangu, tena wa mwisho darasani.

Leo ameinua kidole na kukitikisa. Maana yake injini haitulii. Mimi sikusikia kitu.

Sauti yake sasa ni ya kunong'ona tu. Saratani imeacha tundu dogo kooni. Amenivuta shati nikainama. Kasema petroli iliyomo imechacha, imekaa humo tangu Aprili alipoacha kuendesha. Niitoe yote, nitafute mpya, ile ya juu. Nikamuuliza ya nini, maana Buluu haliendi popote, ni la kuwasha na kuzima. Ndipo akaniambia.

"Nataka kufika Bukima nimekaa," kasema. "Sitaki kupelekwa nimelala."

Anataka kiti cha mbele cha gari lake, kioo kimeshushwa. Ashuke kwa miguu yake hata kama ni kwa kushikwa mabega. Amsalimie dada Nyangeta. Akae uani kwetu karibu na kaburi la mama, aangalie ziwa. Baada ya hapo nitalala mnavyotaka, kasema, na kujaribu kucheka, kikamjia kikohozi.

Nimemwambia sawa. Hospitali walishatuambia turudi nyumbani, kwa hiyo siyo jambo la kuahirisha. Nimekwenda shule. Kipindi cha kwanza sikufundisha kitu cha maana.

Jumanne, 2 Septemba

Nimetoa petroli kwa mpira. Nimevuta kwa mdomo kama fundi wa kijiweni, nikameza kidogo. Nimecheua petroli siku nzima. Iliyotoka ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi, inanuka vanishi. Nimeimwaga shimoni nyuma ya choo, nimebakiza lita mbili tatu za kuwashia asubuhi mpaka mpya ije.

Ndani ya kifuniko cha tangi kuna karatasi ya Kijapani iliyokuja na gari. Magesa aliwahi kumpata mtu akamsomea: petroli ya oktani ya juu pekee. Tangu hapo hakuwahi kutia nyingine. Watu wa Makoko, mtaani kwetu hapa Musoma, walikuwa wanamcheka, eti gari linachagua chakula kama mtoto wa bosi.

Kidato cha tatu nawaambiaga hivi. Oktani siyo nguvu. Ni uvumilivu. Ni kiasi gani petroli inavumilia kubanwa bila kuwaka kabla cheche haijaiwasha. Sasa turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya injini, hewa inabanwa, inapata joto. Ukiweka petroli isiyovumilia inalipuka mapema, pistoni bado inapanda. Unasikia kokoto ndani ya kopo. Ukiendelea kukanyaga, pistoni inatoboka. Na Magesa aliikaza turbo yake zaidi ya ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo Buluu ni mgonjwa wa hatari zaidi.

Nayajua haya kwa chaki na kwa aibu. Miaka tisa iliyopita aliniazima gari niende harusini Butiama. Nikapitia Buhemba kumsalimia mwalimu mwenzangu, taa ya petroli ikawaka. Nikanunua ya chupa kwa mama mmoja anayewauzia wachimbaji kwa ajili ya pampu za kuvuta maji mashimoni. Pampu zile hazibagui. Harufu ya mafuta ya taa niliisikia kabisa. Mtu wa kemia. Nikasema potelea mbali. Kwenye kilima cha kwanza, nyuma kuna watu wa harusi, nikakanyaga kwa sifa tu. Kokoto. Nikaendelea kukanyaga.

Magesa alikuja na kamba akanivuta hadi Musoma. Hakunisema hata neno. Aliifungua injini, akanionyesha pistoni yenye tundu, akaniwekea mkononi, akaenda kunawa. Miezi saba hakuongea na mimi. Ningeona afadhali anitukane.

Safari hii sikosei.

Jumatano, 3 Septemba

Kanywa uji vijiko vinne. Mama Neema, mke wake, ndiye anayejua idadi. Mke wangu yuko Tarime kwa binti yetu aliyejifungua, kwa hiyo nakula kwao. Leo tulikula wote watatu chumbani kwake, yeye akituangalia. Sato wa kuchemsha. Nimeona haya kutafuna.

Alhamisi, 4 Septemba

Bunda. Nimeomba ruhusa shuleni, nimepanda basi na dumu la chuma, maana la plastiki hawalijazi. Hapa Musoma vituo vyote ninavyovijua ni ile ya kawaida. Bunda kuna kimoja, njia ya kutokea mjini, chenye pampu ya oktani tisini na tano, ile ya juu. Ndiko Magesa alikokuwa akijaza.

Pampu imevishwa mfuko wa nailoni. Nikajua kabla ya kuuliza.

Binti wa pampu anaitwa Rehema. Kajitanda ushungi mweusi juu ya sare. Kasema imeisha tangu Jumapili, lori linategemewa Jumatatu. Kaniuliza ni ya gari gani, nikamweleza, nikajikuta namweleza na habari za Magesa pia, nimesimama pale juani na dumu tupu. Hakuniharakisha. Kaandika namba yangu kwenye kiganja chake. Kisha kasema kwa adabu kwamba wateja wengine wenye turbo wakikosa huwa wanatia ya kawaida na kuendesha pole pole, mpaka lori lije.

Nilimhubiria. Nilimweleza pistoni ya Buhemba tangu mwanzo hadi mwisho. Kanisikiliza, kasema sawa mwalimu, basi Jumatatu.

Nimerudi na dumu tupu, linagonga goti langu njia nzima. Magesa kaniuliza kwa macho. Nimemwambia Jumatatu. Kaitikia kwa kichwa. Mwenyewe aliwahi kusubiri wiki nzima ili atie ile ile, kwa hiyo hakushangaa.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimebadilisha plagi. Nimesafisha chujio la hewa. Nimejaza upepo matairi. Nimepangusa kioo cha mbele mara mbili. Mikono inafanya kazi vizuri, kichwa hakitaki.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimegombana na dada Nyangeta.

Gari la samaki limeshuka kutoka Bukima asubuhi, dereva kanipigia honi nyumbani. Kaleta dumu la lita ishirini. Dada amesikia tumekwama kwa petroli, akachukua ile ya mtumbwi wa familia. Ina maana mtumbwi hautoki mpaka wapate nyingine.

Nilifungua nikanusa. Nikamimina kidogo kwenye glasi. Ina rangi ya kijani na ukiisugua vidoleni inateleza. Ni ya injini za mitumbwi, wanaichanganya na oili humo humo dumuni ndipo wanaipeleka ufukweni. Kwa injini ile ni sawa. Kwa Buluu ni sumu, oili inashusha oktani, inachafua plagi, kwenye turbo tusiongee. Nimemrudishia dereva dumu zima.

Dada kapiga saa sita. Nilianza kumweleza kitaalamu. Nilitumia neno molekuli. Kasema, "Masatu, mimi nimetoa nilichokuwa nacho. Mlete mtoto." Magesa ana miaka arobaini na tisa na kwa dada bado ni mtoto.

Nilikuwa sahihi. Hata fundi yeyote angesema hivyo. Lakini sijisikii vizuri.

Jumapili, 7 Septemba

Kwaya imekuja baada ya ibada. Waliimba uani, watu kumi na kitu, wanawake wa sauti ya kwanza wakipaza hadi bati linatetemeka. Nyimbo mbili, Magesa akapunga mkono, kachoka. Walikunywa chai kimya kimya wakaondoka.

Magesa kaniuliza barabara ya Majita, ya kwenda Bukima, ikoje siku hizi. Nikamwambia vumbi, lakini greda lilipita. Kaniuliza pale kwenye kona ya mawe ukitokea Musoma, bado mtu anaona ziwa pande zote mbili? Nikasema bado. Kweli sijapita huko tangu Krismasi.

Jumatatu, 8 Septemba

Rehema kapiga mwenyewe, saa mbili asubuhi. Lori limekwama njiani, sasa wanasema Ijumaa. Kaomba samahani kama yeye ndiye dereva.

Jioni Bwire wa nyumba ya tatu kaja. Ana gari dogo la kawaida, haliulizi petroli gani. Kasema kesho alfajiri yuko tayari, atampeleka Magesa taratibu, mito nyuma, atamrudisha au hatamrudisha, tutakavyo. Ni mtu mwema. Magesa alikataa. Kwa Buluu au basi.

Nilifurahi alipokataa. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilijisikia mwepesi. Sijui ni kwa nini.

Jumanne, 9 Septemba

Niandike ilivyokuwa.

Nilifika kuwasha gari, Mama Neema kasimama mlangoni, kasema usiwashe kwanza, mwenzako anakuita. Magesa alikuwa ameegemezwa kwenye mito, kanyolewa ndevu, shati safi, blanketi mpaka kiunoni. Macho yamechangamka. Sijamwona na macho yale tangu Aprili. Nikasema leo umependeza.

"Tia hii ya hapa mjini," kasema. "Twende leo. Polepole. Turbo italala."

Nikasema itagonga.

"Ukiwa mpole haigongi."

Ni kweli. Ni kweli na mimi nafundisha. Ukikanyaga kidogo turbo haisukumi kitu, gari linakuwa kama gari lolote. Magesa ndiye aliyeikaza ile turbo kwa mikono yake, anajua inaamka wapi na inalala wapi. Lakini nilianza kumjibu. Nilimwambia habari za vilima. Nilimwambia gari lina uzito, barabara ni mbaya, likigonga katikati ya Majita tutakwama porini na wewe katika hali hii, mimi nitamwambia nini dada. Nilimkumbusha Buhemba. Sauti yangu ilikuwa ya darasani, naijua, ile ninayotumia mtu akibisha.

Alisubiri nimalize. Hana nguvu ya kubishana, anasubiri tu.

"Kaka," kasema, "Ijumaa ni mbali."

Nikasema ni siku tatu tu. Nimeshikilia hivyo hivyo. Siku tatu, tutie kitu sahihi, twende kwa heshima. Nilimgusa bega. Alifumba macho. Mama Neema alikuwa bado mlangoni na kitambaa cha meza mkononi, anakikunja na kukikunjua. Hakuniangalia nilipopita.

Nimekwenda shule kusimamia mtihani. Vijana wanaandika, mimi nazunguka kati ya madawati.

Nimefanya sawa. Nimeyaandika maneno haya nione yanavyokaa.

Jumatano, 10 Septemba

Leo hajaamka vizuri. Anapumua kwa mdomo. Niliwasha Buluu saa kumi na mbili na nusu, nikaliacha dakika kumi, nikaingia. Hakuinua kidole. Nikatoka nikaliwasha tena. Mama Neema kaja uani kasema, "Shemeji, zima." Nikazima.

Nimekaa naye hadi saa nane mchana. Nilimwambia Ijumaa ni keshokutwa. Nilisema kwa sauti kubwa kidogo, kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Alhamisi, 11 Septemba

Amefariki saa nne asubuhi. Nilikuwa darasani. Mwalimu mkuu kaja mlangoni mwenyewe, na alipovua miwani nikajua.

Mdogo wangu. Magesa.

Nilifuta ubao kwanza. Sijui kwa nini nilifuta ubao.

Ijumaa, 12 Septemba

Watu, watu, watu. Turubai, masufuria ya kuazima, simu. Ni mimi wa kuamua kila kitu na siwezi kuamua hata chai iwe na maziwa au la. Bwire ndiye anayeniokoa.

Tumeelewana kuzika kesho, Bukima. Jeneza litakwenda na gari la msiba. Mama Neema kasema Buluu lazima liende. Hakusema kwa kuomba. Kasema atakaa mbele, na mimi nitaendesha.

Nikaenda kujaza ile ya kawaida. Kituo cha hapa hapa Makoko, karibu na njia panda, kijana kaniuliza kiasi gani nikasema jaza. Imechukua dakika tano. Nimesimama pale na kifuniko mkononi, karatasi ya Kijapani inaniangalia. Dakika tano.

Saa kumi jioni simu imeita katikati ya watu. Rehema. "Mwalimu, imefika. Nimekuwekea." Nimemshukuru sana. Sikumwambia. Angejisikia vibaya, na hana kosa lolote.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumemzika.

Niandike barabara, maana mengine siwezi.

Tumetoka saa mbili. Gari la msiba mbele, sisi nyuma yake, nyuma yetu magari mengine matatu na pikipiki. Mwendo wa mazishi, arobaini, sehemu nyingine thelathini. Mguu wangu uko juu ya pedali kama unakanyaga yai. Mshale wa turbo haukunyanyuka. Dirisha langu nimelishusha, redio nimezima, nasikiliza. Kilomita ya kwanza, hakuna. Lami ikaisha, vumbi likaanza, hakuna. Kilima cha kwanza nikabana meno. Hakuna. Linaunguruma tu chini chini, laini, kama paka aliyeshiba.

Mama Neema ameshika kitambaa puani kwa ajili ya vumbi.

Kile kilima kirefu kabla ya kona ya mawe ndicho nilichomwambia Magesa kitatuua. Nilikiangalia kwa hasira. Nilitamani gari ligonge. Namaanisha hivyo. Ligonge mara moja tu, kokoto moja ndani ya kopo, nipate pa kusimama. Nikaongeza mguu kidogo. Likapanda. Gari la msiba ndilo lililopata shida mbele, likarudisha gia, likatoa moshi mweusi, na sisi nyuma tunalisubiri.

Tukapita kona. Ziwa lilionekana pande zote mbili. Nilisimamisha gari, mtu wa nyuma akapiga honi, nikaondoka.

Tumefika saa tano kasoro. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichochemka. Mlango wa gari la msiba ukafunguliwa wakamtoa miguu kwanza, vijana sita, dada Nyangeta akawakimbilia akishika kanga kiunoni, akaangukia jeneza, akawa anasema mtoto umefika, mtoto umefika. Mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye usukani. Mimi ndiye niliyefika nimekaa.

Mchungaji alihubiri vizuri, wanasema. Sikumbuki. Nakumbuka udongo ulikuwa mkavu, unateremka wenyewe shimoni kabla hawajaurudisha.

Dada hakuniuliza kitu. Aliniletea ugali na furu wa kukaanga, akakaa karibu hadi nimalize. Nilitaka kumwomba radhi kwa lile dumu. Nikaendelea kula.

Jumanne, 16 Septemba

Matanga yameanuliwa. Tumerudi Makoko mchana, kwa petroli ile ile. Halikugonga hata mara moja.

Nimekaa na hesabu hii siku tatu na haibadiliki, kwa hiyo niiandike. Jumanne ile, tungetoka saa tatu, saa sita tungekuwa Bukima. Alikuwa na nguvu. Macho yalikuwa yamechangamka. Angeshuka.

Na siyo petroli. Nimejidanganya kwamba ni petroli, kwamba ni Buhemba, kwamba nataka kumpa mdogo wangu kitu sahihi safari hii. Kidogo ni kweli. Lakini mtu ambaye alifurahi Magesa alipokataa gari la Bwire siyo mtu anayetafuta petroli. Nilikuwa naogopa kumpeleka. Alisema akishafika atalala tunavyotaka. Nilijua akishafika atakufa, na kama hajafika bado anasubiri, na mtu anayesubiri yupo. Basi nikamsubirisha. Kila siku naingia asubuhi namkuta na kidole chake. Ningeendelea hivyo mwaka mzima, ningetafuta petroli hadi Mwanza, hadi Dar.

Nilimnyima safari yake ili nisibaki peke yangu. Mimi, mkubwa wake.

Nalia ninapoandika na sioni sababu ya kuficha kwenye daftari langu mwenyewe.

Jumatano, 17 Septemba

Nimerudi kazini. Kidato cha tatu wamefika kwenye mada ya mafuta. Nimewapa wasome wenyewe kitabuni.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimekwenda kwa Mama Neema asubuhi, saa tatu hivi. Uani kumetulia, turubai limeondolewa, kumebaki vishimo vya nguzo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele kwenye ungo. Nimevuta kigoda kingine. Amenipa chai. Tumeongea habari za cheti cha kifo, habari za Neema kurudi chuo, habari za mvua.

Kisha kaniuliza bila kuacha kuchambua.

"Shemeji, Jumanne ile. Gari lingefika?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno wiki nzima. Ya oktani, ya vilima. Yapo mengi na yote ni ya kweli.

Nikasema, "Lingefika."

Kaitikia kwa kichwa. Katoa kijiwe, kakitupa pembeni. Kapepeta kidogo, kaendelea.

"Alikuwa ameshavaa viatu," kasema. "Chini ya blanketi. Alinisumbua tangu saa kumi na moja nimvalishe, miguu imevimba, tukahangaika nayo, tukafungua kamba zote. Ulipoondoka kwenda shule nikamvua."

Kanisogezea nusu ya mchele kwenye sinia, na nikaanza kuchambua. Tumemaliza saa tano hivi. Nimeosha kikombe changu, nikaenda nyumbani.